Siku Saba Zianze Mkononi mwa Mteja

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Bwana Tumsifu, Meneja wa Nyika Mtandao, kampuni iliyonilisha kwa miaka sita, Sheikh na Padre, mliokubali kukaa meza moja na mafundi wetu wenye kelele, wafanyakazi wenzangu, na ninyi wateja wetu, ambao kwa itifaki nawataja mwisho lakini kwa mshahara wangu mlikuwa wa kwanza: wazee wangu shikamooni, na wengine nawasalimu kwa heshima.

Leo ni Ijumaa, tarehe 30 Septemba 2005. Asubuhi upepo ulivuma kutoka mashariki, na vumbi lilifunika jua mpaka saa tatu. Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoanza kila siku katika daftari langu. Tangu nilipomaliza kidato cha nne naandika tarehe na hali ya hewa, kisha mambo ya siku, na mwisho kabisa saa niliyopata usingizi. Hakuna aliyewahi kulisoma. Leo, kwa kuwa ninaagwa, nitalifungua kidogo.

Nilikuja katika kampuni hii baada ya shirika nililolitumikia kubinafsishwa na sisi makarani kupunguzwa. Sikuja na kinyongo. Nani hapa hakumbuki tulivyosubiri laini ya simu miaka mitano, tukiambiwa fomu haijafika Dar es Salaam? Tukaambiwa soko likifunguliwa, ushindani utashusha bei. Kweli intaneti ilifika majumbani mwetu, Dodoma hii hii, kwa antena iliyofungwa juu ya paa. Lakini aliyefika alikuwa mmoja, na mshindani wake hatujamwona mpaka leo. Je, mtu anayekimbia peke yake anashindana na nani?

Kazi yangu ilikuwa kuandika barua za kupandisha bei. Namsifu Bwana Tumsifu kwa kuniamini na kazi hiyo, kwa sababu yeye mwenyewe ni mtu mwenye huruma na hapendi kuwapa watu habari mbaya. Aliniachia mimi. Niliandika kwamba bei imepanda "kwa ajili ya kuboresha huduma", na mara tatu niliandika maneno hayo hayo. Fundi wetu Iddy alikuwa akipita mezani kwangu na kuniambia, "Mama Edina, wewe ukiboresha huduma tu, mimi natafuta ngazi." Maana alijua kuwa mwezi ukiisha atapanda juu ya mapaa kushusha antena za walioshindwa kulipa. Iddy, usicheke, maneno ni yako.

Chini ya kila barua palikuwa na sentensi hii: asiyejibu ndani ya siku saba tangu tarehe ya barua, amekubali. Sentensi fupi, safi, na mwanasheria wetu aliipenda. Lakini ninyi mnajua barua zinavyotufikia. Ni wangapi kati yetu wana sanduku lao la posta? Huyu anatumia sanduku la shule, yule la parokia, mwingine la msikiti, na mwenye ufunguo hufika posta akiwa na safari nyingine ya mjini. Barua hulala humo wiki mbili au tatu. Mimi nilijua. Katika daftari langu niliandika siku niliyotuma kila barua, na siku mteja alipokuja kaunta ameishika. Hakuna hata mmoja aliyekuja ndani ya siku saba. Niliandika hilo vizuri kwa kalamu ya bluu, nikafunga daftari, na kazini sikusema neno.

Naomba sasa niwasomee. "Jumamosi, 6 Machi 2004. Mawingu tangu alfajiri, mvua hakuna. Saa tatu kasoro amekuja Bi Arafa wa Zuzu."

Bi Arafa ni fundi cherehani. Mwanawe Amiri alipooza miguu akiwa mdogo, na intaneti ile aliiweka kwa ajili yake, asome kwa masafa katika chuo cha nje ya nchi. Bi Arafa alikuwa amelipa mwezi ule mapema, kwa bei ya zamani, kwa kuwa hakujua nyingine. Barua niliyoituma tarehe 17 Februari alikabidhiwa msikitini Ijumaa, tarehe 5 Machi, baada ya swala. Aliporudi nyumbani akiwa nayo mkononi, alikuta antena imeshashushwa asubuhi.

Akaniambia, "Mwanangu, kwanza mmekata, ndipo mkanibishia hodi?"

Nikamjibu, "Mama, siku saba zilishapita. Malizia kilichobaki, Jumatatu tutarudisha."

"Jumatatu saa sita mchana Amiri anatakiwa awe amepeleka mtihani wake wa mwisho. Jumatatu yenu inaanza saa ngapi?"

Nikamwambia maombi hufanyiwa kazi kwa zamu.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye aibu yangu. Meneja alikuwa amenipa ruhusa ya kumwongezea mteja siku tatu, hata aliyekwisha kukatiwa, bila kuuliza mtu. Saini yangu ilitosha. Wiki ile ile nilikuwa nimempa siku hizo tatu mteja mmoja mwenye cheo, tena kwa simu, wala hakusimama kaunta. Yupo hapa, na sitamtaja, soda yake aimalize kwa amani. Kwa nini sikumpa Bi Arafa? Nimejiuliza mwaka mmoja na nusu, na jibu ni dogo kuliko kosa: yule alipiga simu kwa sauti ya mtu aliyezoea kupewa. Bi Arafa aliomba.

Jumatatu Iddy alisikia habari hiyo. Alikwenda Zuzu kwa pikipiki, akamleta Amiri mjini, akambeba mgongoni ngazi ishirini na mbili mpaka kwenye duka la intaneti la ghorofani. Walipofika juu, umeme ulikuwa umekatika. Ulirudi saa tisa. Mfadhili aliyemlipia Amiri ada alikuwa amesema nafasi ni moja. Leo Amiri anatengeneza redio nyumbani, na anazitengeneza vizuri, lakini cheti hana. Ukurasa ule unaishia hivi: "Nimelala saa kumi alfajiri."

Juma lililopita nilikwenda kumwalika Bi Arafa. Akanitazama juu ya miwani yake ya kushonea, akasema, "Nitakuja. Nataka nisikie watakavyokusifu." Amekuja, amekaa safu ya tatu. Mama, shikamoo. Mbele ya watu hawa nasema kwamba nilikukosea mimi, si mfumo wala posta. Sikuombi unijibu.

Bwana Meneja, Jumatatu ya wiki hii uliweka mezani kwangu barua za kupandisha bei kwa mara ya nne, jumla yake mia moja na kumi na sita, pamoja na kikaratasi kisemacho: "Mama Edina, hizi ziwafikie wateja kabla hujaondoka." Sijazipeleka posta. Mara tatu nilizipeleka huko, na mara tatu hazikuwafikia kwa wakati. Ziko kwenye meza ya mlangoni, na Lydia wa mapokezi amekaa nazo na daftari jipya. Kila mteja atapokea yake kwa mkono, ataandika jina na tarehe, na siku zake saba zitaanza hapo. Anayetaka kupinga bei apinge, muda anao. Wasiokuwapo, Iddy ataanza kuwapelekea kesho, kuanzia Ihumwa. Sijavunja agizo lako. Kwa mara ya kwanza nimelitimiza kama lilivyoandikwa. Na wewe, ninayekujua kuwa mtu mwenye huruma, nakuomba daftari hilo lisistaafu pamoja nami.

Bi Arafa, nimezipitia bahasha zote, moja moja, kwa mpangilio wa majina. Yako haimo, kwa sababu wewe si mteja wetu tena. Hilo sina daftari la kulirekebisha.

Nawashukuru kwa zawadi, kwa chakula, na kwa subira yenu ya kumsikiliza karani aliyechelewa kusema. Usiku wa leo nitaandika tarehe, upepo wa mashariki, na saa ya kulala. Saa hiyo siijui bado. Nendeni mlangoni, barua zenu zinawasubiri.