Maisha ya Fundi Gichuki na Ukweli wa Safari ya Ukasi

Jamaa mliotoka Kirinyaga, majirani wa Garissa, na ninyi madereva mliosimama kule nyuma karibu na ukuta: mimi ni Gacheri, dada mdogo wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Mtaniwia radhi nikisita mahali.

Ezekieli Gichuki Njagi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kijiji cha Kimbimbi, Kirinyaga. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Mzee Njagi na Mama Wamuyu, wakulima wa mpunga.

Alisoma shule ya msingi kijijini, akamaliza darasa la nane mwaka 1986. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alipokuwa darasa la sita alisimama karibu na kinu cha mpunga akamwambia mwenye kinu kwamba mkanda wa mashine ungekatika kabla ya jioni. Yule mzee alimfukuza kwa fimbo. Mkanda ulikatika kabla ya saa sita mchana, na mzee akaja nyumbani kumwuliza baba ni nani aliyemfundisha mtoto uchawi. Gichuki alimjibu kwamba alisikia tu sauti imebadilika. Aliingia sekondari mwaka 1987, lakini baba alipougua mwaka uliofuata aliacha akiwa kidato cha pili. Mwaka 1989 hadi 1990 alijifunza umekanika katika chuo cha ufundi.

Mwezi wa Julai 1994 alikuja Garissa na kampuni iliyokuwa ikitengeneza barabara. Kampuni ilipoondoka mwaka 1997, yeye alibaki. Alifungua gereji yake karibu na stendi ya magari ya Dadaab: mabati manne, mgunga mmoja wa kivuli na shimo la kuingia chini ya gari. Magari aliyoletewa yalikuwa yamechoka kabla hajayaona, malori ya maji, pikapu za kubebea mbuzi, magari ya watu ambao hawangeweza kununua jingine. Alimwuliza kila dereva maswali matatu kabla hajashika spana: tatizo lilianza lini, gari lilikuwa baridi au moto, na alisikia nini kwanza. Wateja wengine walichukizwa na maswali hayo. Walitaka kabureta ibadilishwe mara moja, naye akakuta ni waya wa betri uliolegea, au chujio la hewa lililojaa vumbi la Wajir. Moshi ukiwa wa buluu alijua injini inakula oili. Ukiwa mweupe, usiokoma hata injini ikipata moto, alifungua kifuniko cha oili, na akikuta ute kama maziwa alimwambia mwenye gari ukweli, kwamba gasketi imekwisha, maji yanaingia kwenye oili, na gari lisiondoke. Mara nyingi gari liliondoka tu, na baada ya siku mbili alipigiwa simu kutoka porini, akaenda.

Mwaka 2001 mwalimu mgeni kutoka Nguni, Mwende Musyoka, aliletwa gereji na gari la mwalimu mkuu ambalo lilikuwa likisukumwa kila asubuhi. Gichuki alimwaga maji moto juu ya vichwa vya betri, akakwangua kutu, likawaka. Alikataa malipo akisema hajatengeneza kitu. Mwalimu Mwende alirudi kesho yake na chupa ya chai, akisema naye hajapika kitu. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2002, hapa hapa Garissa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wamuyu, aliyepewa jina la mama yetu, na Brian. Gichuki ndiye aliyemfundisha mkewe kuendesha gari, kwenye barabara ya Modika, katika pikapu yake ya mwaka 1987 ambayo wengi wenu mnaijua.

Mwaka 2016 aligunduliwa kuwa na kisukari. Alimeza dawa vizuri kwa miaka kadhaa, kisha kazi ikizidi alisahau, na sisi tukasahau kumkumbusha. Tarehe 2 Oktoba mwaka huu wa 2024 alikanyaga kipande cha chuma gereji. Hakusikia, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeshaua hisia za nyayo. Alipokiona kidonda alikifunga kitambaa, akavaa soksi, akatuficha kwa wiki tatu. Tarehe 27 alishindwa kusimama. Alilazwa, akatunzwa vizuri na wauguzi ambao wengine wako hapa leo. Lakini mguu uliendelea kuwa mweusi, na asubuhi ya tarehe 6 Novemba daktari alisema apelekwe Nairobi, na kwamba kila saa ina maana.

Hapa naomba nisome polepole, kwa sababu ya maneno yaliyosemwa wiki hii matangani.

Magari ya wagonjwa yalikuwa yametoka na wagonjwa wengine na yangerudi jioni. Wifi yangu Mwende alitafuta gari la kukodi. Mwenye gari wa kwanza alikuwa Wajir. Wa pili alikuja, akamwona mgonjwa, akasema anaogopa atamfia njiani. Saa tatu asubuhi Gichuki mwenyewe alisema, "Nilazeni kwenye pikapu. Ile ninaijua." Tulitandika godoro nyuma chini ya turubai. Mimi niliketi karibu naye nikishika chupa ya maji ya dripu, na Mwende akaendesha.

Tulipita Bangale salama. Kilomita chache mbele, Gichuki akiwa amefumba macho, alinusa hewa mara mbili na kuniambia nigonge kioo Mwende asimame. Mimi sikuwa nimesikia harufu yoyote. Kipima joto cha gari lile kilikufa zamani, na Mwende naye hakuona dalili yoyote. Tuliposimama, ndipo mvuke ulipotoka chini ya boneti.

Mwende alikimbilia rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, na kitambaa mkononi. Gichuki aliinua sauti ambayo hakuwa nayo tangu alazwe. "Usiguse kifuniko. Kitakuchoma uso. Ngoja dakika arobaini."

Dakika arobaini. Daktari alikuwa ametuambia kila saa ina maana. Mwende aliketi kwenye vumbi kando ya tairi, akaweka saa yake juu ya goti, akalia bila sauti. Niliomba Mungu alete gari. Lori moja lilipita bila kusimama, na basi lililosimama lilikuwa limejaa hadi mlangoni, wala mtu wa kulala hangeingia. Mama mmoja mfugaji, Habibo, aliyekuwa akipeleka maji kwake kwa punda, alituona akashusha mitungi miwili. Tulimwambia hayo ni maji ya nyumba yake. Alisema nyumba yake haina mgonjwa.

Gari lilipopoa, Gichuki alimwuliza mkewe maji yanatoka wapi. Mwende aliinama, akasema yanatiririka nyuma ya feni, na feni ikishikwa inacheza. Gichuki alisema ni pampu ya maji. Akamwelekeza: alegeze fenibelti kidogo ili isiivute pampu, ajaze maji, kifuniko akiweke bila kukikaza ili presha isisukume maji nje, afungue hita hadi mwisho ili ipunguze joto la injini, hata kama atachomeka miguu, aende polepole, asimame kila kilomita kumi. Mwende hakuwa ameshika spana maishani mwake. Iliteleza mara mbili ikamchuna vidole, na alama mnaweza kuziona leo.

Nilimwuliza kaka yangu, nikiwa na hasira, kwa nini fundi asafiri na pampu mbovu. Alisema, "Nilikuwa nimenunua mpya. Kuna gari lilikuwa na haraka kuliko langu." Nilidhani ni homa inayosema.

Tulisimama Ukasi, tukasimama Nguni kwao Mwende, tukasimama mahali ambapo hapana jina. Kila tuliposimama mguu ulinuka zaidi, na yeye aliuliza tu kama maji yamejazwa. Karibu na Mwingi hakuuliza tena. Hospitali ya pale ilitupa gari na muuguzi, tukaiacha pikapu kando ya barabara. Tulifika Nairobi karibu saa moja jioni badala ya saa tisa. Alipasuliwa usiku ule na mguu ukakatwa. Mwende alimwuliza daktari kama saa zile nne ndizo zilizomuua mumewe. Daktari alisema sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu kabla hatujatoka Garissa, lakini hawezi kuapa. Nimeyaandika kama alivyoyasema. Gichuki alifariki Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, saa kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Mwende alikuwa amemshika mkono.

Wiki hii imesemwa, tena na watu wa ukoo wetu, kwamba mke alimbeba fundi kwenye gari bovu. Imesemwa kwamba angengoja gari la wagonjwa. Imesemwa kwamba alijua. Mwende aliyasikia yote akiwa anawapikia.

Jumatano alasiri alikuja Salah Abdimalik, dereva ambaye Gichuki alimtengenezea magari miaka kumi na tisa. Alikataa kuketi. Alisimama mbele ya wazee wetu, akatusimulia kwamba tarehe 22 Septemba alikuwa akimleta mkewe Iftin kutoka Ijara, uchungu umemshika tangu alfajiri, na gari likamfia njiani. Alimpigia Gichuki simu. Gichuki alifika na pampu mpya ndani ya boksi, akaifunga pale kando ya barabara.

"Walahi hiyo bampu ilikuwa ya gari yake," Salah alisema. "Mimi niliona hata yake inatoa maji. Niliuliza, na wewe? Akasema, yangu itangoja, mtoto hawezi ngoja. Basi mtu akitaka kulaumu, asilaumu huyu mama. Alaumu mimi."

Mwende ndiye aliyeinuka, akamwambia Salah kwamba hakuna wa kulaumiwa, akamwuliza mtoto anaendeleaje. Salah alisema ananyonya vizuri, kisha akafunika uso kwa kilemba chake. Aliniomba niandike jambo hili kwenye karatasi hii ili lisomwe mbele ya kila mtu, nami nimefanya hivyo.

Gichuki alitaka azikwe Garissa. Mama yetu aliumia kwa kutomzika nyumbani Kimbimbi, lakini amekubali.

Baba yetu alishatangulia; marehemu ameacha mama yake, Mama Wamuyu. Mke wake, Mwalimu Mwende. Binti yake Wamuyu, aliye mwaka wa pili chuoni. Mwanawe Brian, ambaye wenzake humwita Brayo, aliye kidato cha tatu. Kaka yetu Kabui, dada yetu Muthoni, na mimi.

Ndugu zangu, tukitoka makaburini hapa tutarudi nyumbani kula pamoja. Mwende atakuwepo. Nawaomba, kwa jina la huyu tunayemfukia, asiwepo mtu wa kumwuliza tena habari za safari ile. Gichuki apumzike kwa Mungu wake, na mkewe naye tumwache apumzike.