Bingwa wa Viunzi: Maisha ya Beatrice Kaluki Mutiso, 1989–2026

Dada yetu Kaluki alizaliwa Mwala, Kaunti ya Machakos, tarehe 9 Mei 1989. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu Mzee Nzomo na Mama Syokimau.

Alisoma Mwala hadi darasa la nane, kisha akahamia kwa shangazi yetu huko Riruta, Nairobi, na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 2007. Huko ndiko kocha Oyoo alikomwona akiruka mabenchi ili awahi foleni ya githeri ya mchana. Akamwita: “Wewe, kuja hapa. Rudia hiyo kitu.”

Aliajiriwa na Idara ya Magereza kama mwanariadha mwaka wa 2009. Alikuwa bingwa wa taifa wa mita 400 kuruka viunzi mwaka wa 2012, 2013 na 2016. Alipoacha mbio mwaka wa 2019, alianza kuzuru shule za Dagoretti, akiwafundisha wanafunzi alivyofaulu: kulala mapema, kutokosa mazoezi, kutogusa dawa za njia ya mkato. “Bidii hulipa,” aliwaambia.

Tarehe 6 Desemba 2014 alifunga ndoa na Bwana Mutiso Kaindi, fundi wa lifti. Alifika madhabahuni kwaya ikiwa bado kwenye ubeti wa kwanza. Mchungaji akamnong’oneza, “Mama, hapa hakuna saa ya kupima.” Walijaliwa Stacy na Mwau.

Mnamo Juni 2024 goti la kushoto lilianza kumuuma. Kwa miezi saba aliambiwa ni jeraha la zamani, akapewa vidonge na kuchuliwa. Vipimo vya Januari 2025 vilionyesha saratani ya mfupa. Tarehe 3 Februari mguu ulikatwa katika hospitali moja Upper Hill. Kufikia Agosti ugonjwa ulikuwa mapafuni.

Oktoba hiyo shule moja ya Riruta ilimwalika tena. Alienda kwa magongo. Mimi mdogo wake nilimshikia mkoba. Msichana mmoja akauliza, “Madam, tukitia bidii kama wewe, tutafaulu?”

Miaka yote alikuwa amejibu ndiyo. Siku hiyo hakujibu hivyo.

“Mimi nilifanya yote,” akasema. “Tieni bidii. Lakini sijui. Kusema ukweli, sijui.”

Mwalimu mkuu alingoja aongeze neno la kutia moyo. Hakuongeza. Tulipokuwa tukienda nyumbani nikamlaumu. Akaniambia, “Munyiva, sitadanganya watoto wa watu.”

Mwezi wa Februari mwaka huu aliwaomba akina mama wa kanisa waache kumwombea apone, wamwombee usingizi. Wengine walikasirika. Alifariki Jumatano, tarehe 11 Machi 2026, saa tano asubuhi. Usingizi pia alikuwa hajaupata kwa siku nne. Tungependa kuwaambia kwamba alipigana akashinda. Hakushinda.

Ameacha mumewe Mutiso, watoto wake Stacy na Mwau, mama yetu Syokimau ambaye sasa amezika watoto wawili, nami mdogo wake, Munyiva.

Mungu ampe pumziko. Alichoka sana.