Hayrat binti Ahamada na Daftari la Maji ya Andoany

Assalamu alaikum, ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono. Mimi ni Fahardine, kaka wa marehemu, fundi cherehani wa Andoany kule kisiwani Nosy Be, na familia imenipa kazi hii kwa sababu shemeji yetu Djaffar sauti imemkauka kwa kilio. Ninasoma kwa Kiswahili ili wajomba zetu wa Unguja, waliokuja kumjulia hali na sasa wanamzika, wafuate nao, kisha Roukia, binti wa marehemu, atarudia kwa Kimalagasi. Nikikwama mnivumilie, mimi nimezoea sindano, si karatasi.

Marehemu Hayrat binti Ahamada alizaliwa hapa Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, tarehe 14 Machi 1960, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu baba yetu Ahamada, aliyekuwa seremala, na mama yetu Sittou binti Ibouroi, ambaye yuko ndani pamoja na akina mama. Alihitimu Kurani akiwa na miaka tisa, akamaliza shule ya msingi mwaka 1971, akaanza sekondari hapa hapa, mpaka machafuko ya Desemba 1976, ambayo leo sitayasimulia, yalipotutoa mjini humu sisi wenye asili ya Ngazija. Baba alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia, hivyo Januari 1977 mama alituchukua sisi wawili tukahamia Andoany, akaanza kuuza mikate ya mchele karibu na gati, na Hayrat akamalizia sekondari huko mwaka 1979.

Oktoba ya mwaka huo alikwenda Antananarivo, chuo kikuu, kusomea uhandisi wa mawasiliano ya simu, darasa la wanafunzi thelathini na wanane, wasichana wawili. Kila likizo alikaa kwenye kizingiti cha duka langu akanieleza namna sauti ya mtu inavyogeuzwa umeme, umeme ukarushwa hewani, ukavuka maji pasipo waya wala kamba, ukageuzwa tena sauti, na ni sauti ya mtu yule yule, hata kikohozi chake utakitambua. Wallahi nilikuwa naacha mkasi katikati ya kitambaa, namtazama tu, nikijiuliza kama kweli huyu ndiye niliyekuwa nikigombana naye kwa ajili ya ukoko wa wali.

Mwaka 1983 ulipofika wa kuandika tasnifu yake, alichagua jambo la nyumbani. Simu kati ya Nosy Be na bara wakati ule zilikuwa zikififia, saa hii mnaongea vizuri, saa ile mnasikia mvumo mtupu, na kila mtu akilaumu mitambo, lakini Hayrat alisema ni bahari. Alinieleza kwamba wimbi moja la redio hupita moja kwa moja juu ya maji, jingine hugonga maji na kudunda, na kina kikifika mahali fulani hayo mawili hukutana vibaya yakauana. Nimeisema kama nilivyoielewa, wahandisi mliopo mnisamehe.

Ili athibitishe, alihitaji kimo cha maji ya Andoany cha kila siku, akiweke ubavuni mwa rejista ya ofisi ya simu iliyoandika kila simu ilipofifia, naye alikuwa siku tatu za gari na boti mbali nasi. Mama akasema atapima yeye. Tulisimamisha mti wenye alama kwenye gati, na mama, ambaye hakusoma shule hata siku moja, akawa anapima mara tatu kwa siku, baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri na baada ya isha, akiandika daftarini kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani utotoni, jina la siku, jina la sala, na idadi ya alama. Maji ya bamvua, maji mafu, mvua ya kimbunga, hakuacha hata siku moja, na kila mwezi nilizipeleka kurasa hizo posta mwenyewe.

Februari 1984 mambo yakaharibika. Msimamizi wake aliona vipimo vya alfajiri na adhuhuri vinalingana na rejista mpaka raha, lakini vya isha havilingani hata kidogo, akasema mpimaji hakuwa akitoka nyumbani baada ya giza, amevitunga, na kama hadi mwisho wa Juni hakuna vipimo vya kweli, tasnifu itafutwa na mwanafunzi atarudi kwao. Hayrat aliingiwa na hofu akamwandikia mama barua, na kwa kuwa mama hasomi Kifaransa niliisoma mimi, nikimfasiria neno kwa neno, na mahali palipoandikwa kwamba kama baada ya isha alikuwa hatoki, bora angeacha pengo kuliko kumtungia, ningeweza kuruka, lakini mjinga mimi sikuruka. Mama aliniambia niikunje barua, na isha ilipoisha akachukua taa yake akaenda gatini kupima.

Alhamisi tarehe 31 Mei 1984 Hayrat alifika Andoany kwa ajili ya Ramadhani, mwezi ukaonekana jioni ile, na baada ya isha akamfuata mama gatini amtazame anavyopima. Mama alihesabu alama, akafungua daftari, akaandika Ijumaa. Hayrat alimwambia leo ni Alhamisi, mama akamshangaa, akamwambia magharibi imeshapita, Ijumaa imeshaingia, au huko chuo kikuu siku inaanzia wapi? Subhanallah! Kumbe mwaka mzima mama alikuwa akihesabu siku kama walivyohesabu wazee wetu wote, kuanzia kuzama kwa jua, na Hayrat, aliyelelewa kwa hesabu hiyo hiyo, alikuwa akinakili vipimo vya isha kwa hesabu ya siku inayoanza saa sita za usiku, kwa hiyo kila kipimo cha isha kilikaa siku moja mbele. Hapakuwa na kimoja cha kutungwa. Alilia pale pale, akamshika mama miguu, akaomba radhi, na mama akamwambia anyanyuke akale, tarawehe inakaribia.

Vipimo vyote vya isha vikarudishwa nyuma siku moja, vikaingia mahali pake vyote, sijui niwaelezeje, vyote. Tarehe 12 Desemba 1984 alitetea tasnifu yake, na mwenyekiti wa jopo aliomba kuliona daftari, akalipokea kwa mikono miwili.

Mwaka 1985 aliajiriwa na ofisi ya simu hapa Mahajanga, na Agosti 1987, kama alivyoshauri, antena ya pili ilifungwa chini ya ile ya kwanza kwenye mnara wa Nosy Be, ili sauti ikififia kwenye moja ipokewe na nyingine, simu zikatulia. Siku ya majaribio, maji yakiwa bamvua, nilimpeleka mama ofisi ya simu ya Andoany, na Hayrat kutoka huku aliomba tena radhi, nasi tukamsikia kana kwamba yuko chumba cha pili, mama akamuuliza kama amekula.

Aliolewa na Bwana Djaffar, mwalimu wa hisabati, tarehe 9 Aprili 1988, wakajaliwa Roukia mwaka 1989 na Tadjiddine mwaka 1993, akastaafu mwaka 2020. Kila Idd aliomba radhi kwa barua ile, na kila Idd mama alimsogezea sahani. Aliniambia mara nyingi kwamba hakuna kingine duniani kinachomkosesha raha.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2021, mama akahamia hapa kumuuguza, na leo, Jumanne tarehe 9 Mei 2023, alfajiri, Mola wake alimchukua, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Mahabibo mliopika na kukesha, na wafanyakazi wenzake wa zamani, ambao nawaona wamejaa hapa mpaka barabarani.

Limebaki moja ambalo mama ameniagiza nilisome kwa sauti. Asubuhi, baada ya kumwosha mwanawe kwa mikono yake, aliniita, akaniambia kwamba alimsamehe kabla sijamaliza kuikunja ile barua, na hakusema kwa sababu alidhani Hayrat anajua. Miaka thelathini na tisa, jamani, alidhani anajua. Amesema leo anatamka mbele yenu nyote, muwe mashahidi kwa Mwenyezi Mungu, kwamba Hayrat ana radhi zake zote.

Umesikia, dada yangu. Sasa pumzika, uwe na amani.