Kura Iliyokunjwa Mara Tatu

Ndani ya daladala la kwenda Kisongo, mzee Elisaria alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Siti ya mbele yake, diwani Namnyaki alibanwa na mpambe wa mgombea umeya. Asubuhi hiyo madiwani walipiga kura duru ya pili, na mgombea huyo akaanguka kwa kura moja.

“Mheshimiwa, tulikubaliana ukunje karatasi mara tatu tuitambue!”

“Nilikunja mara tatu.”

“Zilizokunjwa mara tatu tulizihesabu zikiingia sandukuni, zilitosha! Tumeshindwaje?”

Elisaria akameza kicheko. Watu wazima, wanahesabu mikunjo!

“Uchaguzi ujao jina lako tunalikata.”

“Kateni!” Gari lilisimama, Namnyaki akainuka. “Kukunja mliniagiza ninyi. Wa kumpigia, niliagizwa na hawa wananchi wa kata yangu ninaoshukia kwao.”