Rangi Bado Nyepesi

Mama mmoja kwenye basi alipakata kopo la rangi. Jirani yake, fundi wa kuchomelea, akauliza ni ya nini. Mafundi hawana likizo.

"Ya mashua, mwanangu. Mume wangu ni fundi cherehani, lakini anaunda mashua ya chuma uani. Tanga kalishona vizuri."

"Na viungo vya chuma? Alivijaribu kwa maji kabla ya kupaka?"

"Alipaka kwanza."

"Basi rangi imeficha matundu, mama. Mashua itazama naye!"

"Najua. Ila tangu tumzike binti yetu, ndiyo pekee inayomtoa kitandani. Kila akitaka kuishusha majini, namwambia rangi bado nyepesi, apake tena."

"Na siku akikataa?"

Mama aliinuka, kituo chake kilikaribia. Basi liliposimama, fundi alimshushia kopo. "Mwambie," alisema taratibu, "hii hukauka kwa mwezi mzima."