Kibanda Kitoke Barafuni Kabla ya Jumatatu

Zima hiyo televisheni, Janelle, na wewe Curtis acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Ingia, keti, mnisikilize nyote wawili, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia neno. Daktari alisema sitaifikia Krismasi, nikaifikia na nikala. Akasema Machi sitaiona, na leo ni Jumamosi ya katikati ya Machi na mimi baba yenu, Orville Tveit, bado nabishana naye. Sasa nakubali kwamba nakwenda, lakini si kwa sababu yeye amesema. Miguu yangu imeingia baridi, nami ninaijua baridi ya barafu tangu utotoni, na hii siyo.

Mlidhani nimeomba kitanda kiwekwe hapa jikoni, dirishani, kwa kupenda kulitazama ziwa. Ninakitazama kibanda changu cha kuvulia, kile cha kijani juu ya barafu, mbele ya matete, ambacho kwa amri ya sheria kina jina langu na anwani yangu ubavuni, kwa herufi ambazo bwana samaki wa serikali angezisoma hata bila miwani. Jumatatu usiku ndiyo mwisho wa vibanda kukaa barafuni huku kaskazini. Na jana nilimsikia Curtis pale sebuleni akikwambia, Janelle, "Mwache mzee afe kwa amani. Samaki wetu wanavuliwa mwaka mzima, kibanda kitangoja mazishi yaishe. Nani atamwandikia maiti faini?"

Nimekusikia, mwanangu. Masikio yangu ndiyo yatakayokufa mwisho.

Basi shikeni hili. Msimu wa samaki ni kitu kimoja na msimu wa kibanda ni kitu kingine. Hawa wetu bapa, wa kikaango, kweli hawafungiwi msimu, na kila mwaka kuna mtu mzima wa hapa anayetoka nje akiapa kwamba kama samaki ni halali basi na kibanda ni halali. Barafu ya Machi inaoza kwa chini huku juu inakuchekea. Mwaka aliozaliwa Janelle nilikiacha kibanda changu cha kwanza siku nne tu zaidi, eti nina udhuru wa mtoto mchanga, na mpaka leo kiko chini ya maji futi kumi na nane, na kila kiangazi ndoano yangu inanasa kwenye paa langu mwenyewe. Sitaki kuacha cha pili.

Na kwa kuwa nimeanza kutaja makosa yangu, nitataja na lile lililowafanya mkue bila kukanyaga uwanja wa jirani yetu Harlan Bruggeman. Mnaikumbuka siku bwana samaki alipokuja hapa, akavua viatu mlangoni kwa adabu, akafungua friza na kuanza kuhesabu minofu ya samaki ya mama yenu Ardis, miwili kwa samaki mmoja. Ardis alikuwa akiiweka kwa ajili ya karamu ya kanisa. Mimi nilikuwa nikileta idadi inayoruhusiwa kwa siku, kila siku, nikijiona mwema, wala sikuwa nimesoma kwamba waliomo ndani ya friza nao wanahesabiwa katika idadi hiyo. Niliaibika mbele ya mke wangu, nikasema Harlan ndiye aliyenichongea, na kwa miaka ishirini na miwili sikumpa hata salamu.

Hakunichongea. Ni mimi niliyesimama dukani kwa chambo nikajigamba kwamba friza yangu haifungi kwa samaki, na mtu aliyekuwa nyuma yangu akinunua funza alikuwa bwana samaki, bila sare. Nilimtambua alipovua viatu. Nilijua tangu siku ile, wanangu, ila ilikuwa rahisi zaidi kumchukia jirani. Mama yenu amekufa akiamini uongo wangu, na wewe Curtis ulimtoa damu puani mtoto wa Harlan kwa ajili ya uongo huo. Hilo linaniuma kuliko hiki kifua.

Jana nilimpigia simu. Alinitukana robo saa nzima, na yote yalikuwa ya kweli, kisha akauliza kibanda kinatoka lini. Nikamwambia Jumapili. Atakuja na pikipiki yake ya theluji na mnyororo. Akinisema vibaya huko barafuni, Curtis, nyamaza uvute.

Nyumba mgawane sawa. Kibanda nampa Janelle, na usikunje uso, Curtis. Wewe ulitoka nje ya mkutano wa wavuvi siku niliposimama kuunga mkono samaki watano kwa siku badala ya ishirini, ukasema baba yako amewauza wavuvi wenzake. Sikumuuza mtu. Yale madume makubwa yenye kifua cha rangi ya chungwa ndiyo yanayolinda viota, na tulipoyamaliza, wadogo wakaanza kuzaa wakiwa saizi ya biskuti na hawakukua tena. Tulioyamaliza ni mimi na ndoo yangu. Nilizomewa na ukumbi mzima, na mkiniinua hapa kitandani nitakwenda kuzomewa tena.

Wewe nakupa kekee ya kutobolea barafu. Yeye akitaka kuvua itabidi akuite, na wewe ukichoka na upepo itabidi ubishe hodi kwake.

Kijitabu cha kanuni kimetundikwa ndani ya mlango wa kibanda. Kila mwaka wekeni kipya, na msome ukurasa wa ziwa letu, si wa ziwa la ng'ambo ya barabara. Kesho kibanda msikivute kwa nguvu, kimegandia. Chimbueni kwanza kwa shoka pande zote, taratibu, halafu kiegemezeni pale kwenye banda la kuni, jina likitazama huku. Mkinikuta nimekwishakwenda, mfungue mnyororo kwanza ndipo mlie.

Janelle, maji. Kidogo tu.

Niinueni. Kibanda sikioni. Ni theluji, au ni macho? Kipo? Curtis, sema kipo. Haya. Daktari amesema ni leo. Mimi nimesema kesho, kikifika nchi kavu.

Nipeni mikono yenu. Mungu awape barafu nene, wanangu, na akili ya... ya kutoka juu yake mapema. Msigombane. Saa mbili asubuhi Harlan yuko mlangoni. Msimcheleweshe. Mimi nimemchelewesha vya kutosha.