Injini Aliyoichagua Fundi Taratibu

Wasikilizaji wapendwa, Jumamosi ile Mama Rangi alipakua chakula cha watu watatu, akaketi kusubiri. Mume wake alikuwa ameaga kwamba anatoka kidogo na mtoto, wanakwenda kukijaribu kigari, watarudi kabla chakula hakijapoa. Chakula kikapoa. Mlango ulipofunguliwa, aliyeingia alikuwa mlinzi wa maghala, amemshika mtoto mkono. Mtoto alikuwa na kiatu kimoja tu mguuni.

"Mama, keti kwanza," mlinzi akasema.

Naye alikuwa ameshaketi.

Ndivyo alivyotutoka Fundi Taratibu. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: leo tunamkumbuka Fundi Taratibu, fundi wa injini ndogo, aliyefariki akijaribu kigari alichomtengenezea binti yake. Katika kipindi hiki tumezoea kumpamba marehemu. Leo mjane wake ametuomba tusimpambe. Alituambia, "Mazuri yake ni mengi, hayatapungua mkisema ukweli."

Basi tuanze na mazuri.

Alikuwa mtoto wa fundi cherehani. Angali mdogo, mama yake alikwenda sokoni, akarudi akakuta cherehani yake imelala vipande vipande juu ya mkeka. Kijana akaiunga tena. Ikashona vizuri, ila springi moja ilibaki mkononi. Mama yake, ambaye bado yu hai, anasema, "Nilitaka kumchapa, lakini utamchapaje mtu ambaye mashine yako ameirudisha nyepesi kuliko alivyoikuta?"

Alipokuwa mtu mzima alifungua karakana ya chumba kimoja, kati ya kinyozi na muuza magodoro. Alitengeneza pampu za maji, jenereta, na mashine za kukatia majani. Jina la Taratibu alipewa na wateja. Kila injini ndogo, wasikilizaji wapendwa, ina kifaa kinachoizuia isizunguke kupita kiasi. Mafundi hukiita gavana. Kuna watu hutaka kilegezwe ili injini ikimbie. Mteja akija na maombi hayo, fundi alimtazama juu ya miwani. "Haraka ya nini, mzee? Unakwenda kuzima moto?" Akimsihi sana, humjibu, "Injini bila gavana ni mlevi aliyepewa funguo." Hakuwahi kumlegezea mtu. Hata kaka yake mkubwa aliondoka hapo amenuna.

Fundi alimpata mke wake kwenye duka la vipuri, ambako binti huyo alikuwa akiuza. Kila mara fundi alikuja kununua gasketi ya aina moja, kile kipande chembamba cha kuzuia mafuta yasivuje. Siku moja muuzaji akachoka. "Wewe kaka, kwako injini zinakula gasketi?"

"Injini hazili, dada. Mwenye njaa ni mimi."

Walipooana, kazi wakagawana. Mume anatengeneza, mke anakagua. Anapima mafuta, anakaza nati, anaiwasha injini huku akisikiliza mlio wake. Akiridhika, anachukua rangi nyekundu ya kucha na kuweka tone moja kwenye skrubu ya gavana. Tone hukaa nusu juu ya skrubu, nusu juu ya chuma kinachoishika. Mtu akiigeuza skrubu, tone linapasuka, na udanganyifu unaonekana. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mama Rangi. Watu walisema, ukiona tone la Mama Rangi, lala usingizi. Tone lile aliliweka yeye peke yake. Mume wake hakuwahi kuligusa. Naomba mlikumbuke hilo.

Mungu aliwajalia binti mmoja. Alijifunza kusema "bruum" kabla ya kusema "baba", wakamwita Dereva. Alipofika umri wa kusumbua, aliomba kigari. Kigari cha kukalia, chenye usukani na injini ya kweli. Baba akaunganisha fremu ya mabomba, akafunga magurudumu ya toroli. Breki aliichukua kwenye baiskeli kuukuu. Ikabaki injini.

Kuchagua injini kulikuwa jambo la familia nzima. Walipanga tatu juu ya meza ya kazi. Ya kwanza ilitoka kwenye msumeno wa kukatia miti. Ilipowashwa, kinyozi wa jirani alikimbilia nje na wembe mkononi. "Hii ina hasira za mkizi," fundi akasema, akaizima. Ya pili ilikuwa ya pikipiki. Dereva aliikumbatia. Mama akamwondoa mikono. "Hii itakufikisha usikotaka kwenda." Ya tatu ilikuwa ya pampu ya maji, fupi, imechubuka rangi, mlio wake kama mtu anayekoroma kwa adabu.

"Hii," Mama Rangi akasema.

"Hii," mume wake akakubali. "Haina makuu. Breki ya baiskeli inaiweza."

"Na gavana haiguswi."

"Mke wangu, unamwambia nani? Mimi?"

Wote watatu walicheka. Mama akaikagua, akachukua chupa yake, akaweka tone. Narudia: injini ilichaguliwa na wote, ya pampu, kwa sababu breki ya kigari iliweza mwendo wake.

Siku ya kwanza kigari kilitoka vizuri. Kilikwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa furaha. Tatizo lilikuwa watoto wa mtaani. Mmoja mwenye baiskeli alikipita, akageuka, akakizunguka, akakipita tena. "Kobe! Kobe!" Wenzake wakadakia. Dereva alirudi nyumbani analia. Mama akamwambia kobe hufika. Baba hakusema kitu. Mama Rangi anasema sasa kwamba kimya kile angekisikiliza vizuri kama alivyosikiliza injini, lakini nani humkagua mume wake?

Jumamosi iliyofuata ndiyo ile. Nyuma ya maghala kuna barabara iliyonyooka, mwisho wake pana kona na lango lenye nguzo za zege. Fundi alimwacha mtoto kando, akaketi mwenyewe kwenye kigari, magoti yakimgusa kidevu. Mlinzi anasema alicheka alipomwona. Kisha hakucheka tena. Kigari kilipita mbele yake kikilia mlio ambao injini ya pampu haina. Kwenye kona breki ilikatika. Nguzo ilikuwa pale.

Msibani alikuwepo kaka mkubwa wa marehemu. Alisimama katikati ya sebule. "Shemeji, injini hii si uliipitisha wewe? Si ina tone lako? Mtaa mzima tunalala usingizi kwa tone lako!"

Mama Rangi aliinuka. Alitoka na kanga yake ya kichwani mkononi, akaenda karakana, ambako walikuwa wamekiburuta kigari. Akapiga magoti. Rangi ilikuwepo. Nyekundu ya chupa yake mwenyewe. Lakini haikuwa tone, nusu huku, nusu kule. Ilikuwa imepakwa skrubu nzima, nene, kama mtu anayebandika plasta. Akaikwangua kwa kucha. Chini yake aliliona tone lake, limepasuka katikati.

Alituambia, "Kama angelegeza akaacha hivyo, ningesema alipitiwa. Binadamu hupitiwa. Lakini alikwenda kabatini kwangu, akachukua chupa yangu, akanipaka rangi machoni. Alijua nitatazama. Alijua nikiona nyekundu sitatazama mara ya pili, kwa sababu anayeipaka ni mimi."

Na rangi ile ilitazamwa, wasikilizaji wapendwa. Asubuhi ya Jumamosi ile Mama Rangi alipita karibu na kigari, akaona nyekundu, akaenda jikoni.

Kesho yake baada ya kuikwangua rangi ile, mama na binti wakiosha vikombe vya wageni, mtoto alisema bila kuinua uso, "Mama, baba alisema tusikuambie."

"Tusiniambie nini?"

"Kwamba alifungua skrubu. Alisema ni mara moja tu, halafu atairudisha. Alisema ni siri ya madereva." Kikombe kilimponyoka. "Mimi ndiye niliyelia, mama. Nisingelia asingefungua."

Hapo ndipo Mama Rangi alipokasirika, na hasira hiyo haijatoka. Jirani mmoja alijaribu kumtuliza. "Angalau alitangulia yeye, hakumpandisha mtoto."

"Ndiyo," akamjibu. "Kigari hakumpandisha. Siri alimpandisha."

Angeweza kunyamaza na kubeba lawama ya shemeji yake. Jina la marehemu lingebaki safi, na lake lingechafuka. Au angeweza kuwaambia wakubwa peke yao, milango imefungwa. Mtoto ndiye aliyemzuia. Mtoto alikuwa ameanza kuamka kila asubuhi akiuliza kama watu wameshajua. Mama akamwuliza kama wangoje zaidi au waseme. Akasema waseme. Kwa hiyo walikuja hapa wote wawili, mama akazungumza, binti akakaa karibu na mlango akisikiliza. "Iseme mchana, kila mtu asikie," mama alisema. "Mtoto aone kwamba siri ikitoka nje haing'ati tena."

Kaka wa marehemu tumempigia simu kabla ya kipindi hiki. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Na mimi alikataa kunilegezea. Kumbe kwa mwanawe aliweza." Ameomba tumwombee radhi kwa shemeji yake hewani, na tumemwombea. Mama Rangi amesikia. Amesema atamjibu mwenyewe, uso kwa uso.

Tunawapa pole mama mzazi wa marehemu, kaka yake, majirani zake kinyozi na muuza magodoro, na wote waliowahi kuwasha pampu iliyopita mikononi mwake. Alikuwa fundi mzuri. Alimpenda binti yake. Alimdanganya mke wake. Yote matatu ni kweli, wala moja haliyafuti mengine.

Nasi tulio hai tujiulize. Ni neno gani tumemnong'oneza mtoto, tukamwambia mama asijue, au baba asijue? Tukiondoka kesho, nani atabaki amelibeba? Kama lipo, leo jioni lichukue. Ni lako.

Karakana imefunguliwa tena, na mama ndiye anayetengeneza na kukagua. Bado hajamsamehe mume wake, wala hajifanyi amemsamehe. Ameshamwambia mtoto kwamba kosa si lake. Mtoto haamini. Kila jioni mama anamwambia tena.